Mzazi wa Siku Arobaini

Kwanza tuelewane: haya hayakutokea kwetu. Kwetu sheria hutungwa na watu walioisoma, na mbunge wetu hapigi makofi mpaka ajue anachokipigia. Haya yametokea mbali huko, Jamhuri ya Mchakato, nchi ambayo ukiuliza maji unaambiwa yako kwenye mchakato, ukiuliza dawa nazo ziko kwenye mchakato, na ukiuliza mchakato wenyewe umefikia wapi, unachukuliwa ukahojiwe. Kwa hiyo msikilizaji asigeuke kumtazama jirani yake, wala asicheke kile kicheko cha mtu anayejua. Acheke kama mgeni.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo fundi cherehani mmoja, Athumani Shebughe, katibu wa Umoja wa Wazazi wa Shule ya Msingi Tunashukuru. Alikuwa mgane. Mkewe alifia wodi ya wazazi siku aliyomzaa mtoto wao wa pekee, Mwantumu, na tangu siku hiyo Shebughe alimlea mwenyewe. Alimnywesha maziwa kwa kijiko, akamwogesha, akajifunza hata kusuka nywele kwa kuchungulia vibaraza vya wanawake, mpaka mistari ya kichwa cha Mwantumu ikawa imenyooka kuliko mshono wa suruali. Sasa binti ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la saba, na mtihani wa taifa unabisha hodi.

Kila mtu ana ulevi wake. Ulevi wa Shebughe ulikuwa muhtasari wa kikao. Wenzake wakigombana kwenye mkutano mpaka wanashikana mashati, yeye ameinama anaandika kwamba wajumbe walibadilishana mawazo. Akifika kwenye kipengele cha Yatokanayo, mwili unamsisimka. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, wa mviringo, na watu walimwambia hivyo mara nyingi kuliko ilivyofaa.

Kilichomponza ni kimbelembele. Wizara ilileta muswada wa Sheria ya Elimu na Malezi, ikataka wadau watoe maoni ndani ya siku tatu. Wadau wa nchi ile wanajua maana ya maoni. Kila Umoja wa Wazazi uliandika kwamba unaunga mkono kwa asilimia mia moja. Mmoja wa kaskazini uliunga mkono kwa asilimia mia na ishirini, na mwenyekiti wake akateuliwa mkuu wa wilaya kabla wino haujakauka. Shebughe yeye aliusoma. Ndiyo, aliusoma muswada, wote, na majedwali yake. Akagundua kwamba neno mzazi limetajwa mara sitini na moja na hakuna mahali palipoelezwa mzazi ni nani. Akaketi, akaandika barua, kwa heshima na taadhima, akiomba neno hilo lifafanuliwe.

Barua ilipofika wizarani ilizua taharuki. Kwanza walidhani ni jasusi, maana raia asiye na nia mbaya atasomaje muswada. Walipohakikishiwa kwamba ni fundi cherehani tu, wanasheria wakaambiwa watafute tafsiri upesi. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa katika Jamhuri ya Mchakato huisha saa nne asubuhi. Wakapekua sheria zote za nchi. Ni moja tu iliyokuwa imeeleza mzazi ni nani: Sheria ya Hospitali, pale inapogawa vitanda vya wodi ya wazazi. "Mzazi maana yake ni mwanamke aliyejifungua na ambaye hajatimiza siku arobaini." Wakainyofoa ilivyo, wakaibandika, wakaenda zao nyumbani.

Bunge liliipitisha bila kupoteza muda. Spika aliwauliza wanaokubali, wakasema ndiyo. Akawauliza wasiokubali, nao wakasema ndiyo.

Wiki iliyofuata Afisa Elimu wa Kata, Bi Tausi Manyenga, alikuja na tarumbeta mpaka barazani kwa Shebughe. Bi Manyenga alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti tamu, ambaye hakuwahi kumkemea mtu; mabaya yote aliyasema kwa upole, huku amekushika mkono. Alimkabidhi Shebughe cheti cha Mdau Makini, akaeleza mbele ya majirani kwamba Taifa limesikia sauti ya mwananchi mnyonge. Shebughe alivimba kichwa. Alikitundika cheti juu ya cherehani yake, akamwita Mwantumu akisome kwa sauti, kisha akamwita tena.

Sheria yenyewe hakuisoma mpaka ilipochapishwa, na hapo ndipo mate yalipomkauka. Maana mbele kidogo ya kifungu kile kulikuwa na kingine: mtoto asiye na mzazi ni mtoto wa Mlezi Mkuu, na atachukuliwa kulelewa. Mlezi Mkuu ndiye rais wao, mtu mwenye moyo mkubwa. Alikuwa pia na barabara ya lami inayokwenda kijijini kwao, na barabara hiyo ilikuwa na upungufu wa kokoto. Kwa hiyo zikafunguliwa Kambi za Malezi kando ya machimbo. Waziri alieleza redioni kwamba somo la kokoto lina sehemu mbili, nadharia na vitendo. Nadharia hufundishwa siku ya kwanza, dakika kumi. Vitendo vinaendelea mpaka barabara ifike.

Mkutano wa kwanza chini ya sheria mpya ulijaa mpaka madirishani. Bi Manyenga alisimama, akatabasamu, akawatazama mmoja mmoja kwa huruma.

"Ndugu zangu mliokuwa wazazi," akaanza.

Chande, fundi baiskeli, aliomba kuelezwa. Yeye ana watoto wanne, wa kwanza ana ndevu, iweje leo asiwe mzazi? Bi Manyenga alimuuliza kwa upole amejifungua lini. Ukumbi mzima ukacheka, na mke wa Chande akacheka kuliko wote, mpaka Bi Manyenga alipomgeukia yeye na kumuuliza kama mtoto wake wa mwisho ameota meno. Ameota, akasema mama wa watu. Basi, akaambiwa, uzazi wako umekwisha muda wake, na Serikali inakushukuru kwa utumishi wako.

Kazi ya kusafisha daftari la wazazi aliachiwa Katibu. Shebughe alitoa rula na wino mwekundu, akakata majina, mstari baada ya mstari, ulionyooka. Usidhani alifurahi. Lakini usidhani pia kwamba mkono ulimtetemeka, maana Bi Manyenga alikuwa amemnong'oneza kwamba suala la Katibu litaangaliwa. Chande alimfuata barazani, akamsihi aruke jina lake walau mpaka mtihani upite, kwa ajili ya binti yake Asumpta. Shebughe alimjibu kwamba daftari ni mali ya umma. Alhamisi lori likaja, Asumpta akapakiwa na sare yake ya shule, na Chande akarudi kwenye kibanda chake akaketi mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, akizungusha gurudumu tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kulitengeneza.

Asumpta na Mwantumu walikuwa wakikaa dawati moja. Mwantumu alimuuliza baba yake mwenzake amekwenda wapi. Shebughe alimwambia amekwenda kujifunza, kisha akamtuma uzi.

Wakati huo Umoja haukusimama. Kama ilivyo ada, habari zake zilibandikwa ukutani kwa ule mwandiko wa mviringo. Zilisomeka hivi: Umoja unapenda kuwatangazia wote kwamba kikao kijacho kitafanyika katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, kuanzia kitanda namba nne hadi namba kumi na moja. Akidi imetimia. Wajumbe wenye uchungu wanaruhusiwa kupiga kura wakiwa wamelala. Wauguzi wanaombwa wasipite katikati ya wajumbe wakati wa dua.

Kikao kilifanyika, na kwa kweli kilifana. Mwenyekiti mpya alichaguliwa njia imeshafunguka. Alipopiga ukelele wa kwanza, Bi Manyenga alimwelekeza Katibu aandike kwamba Mwenyekiti alitoa hotuba fupi ya kukubali nafasi. Ukelele wa pili ukaandikwa kuwa ni shukrani. Mtoto alipotoka, kikao kikaahirishwa kwa dakika tano.

Sasa, sheria iliruhusu kila aliyejifungua amsimamie mwanafunzi mmoja, amwandikishe kuwa ni wake. Wakubwa hawakulala. Mkurugenzi wa maji alimwekea walinzi mwanamke wa miezi minane. Mkuu wa polisi alikodi chumba jirani na leba. Wajawazito waliokuwa wakisukumwa kwenye foleni za kisima sasa wakapishwa njia, wakabebewa ndoo, wakaulizwa wanajisikiaje na watu waliokuwa hawajui hata majina yao. Na siku ya arobaini na moja wakarudi kubeba ndoo zao wenyewe.

Shebughe aliona siku zinayoyoma na suala lake haliangaliwi. Akavaa koti, akaenda ofisi ya Bi Manyenga. Alipokelewa kwa chai. Bi Manyenga alimshika mkono, akamweleza kwamba ameumia kuliko yeye, ila sheria hii tofauti na nyingine ina heshima ya kipekee, kwa kuwa mwananchi mwenyewe ndiye aliyeiomba, tena kwa maandishi. Hata hivyo, akasema, mambo si mabaya. Nafasi imejitokeza.

Nafasi yenyewe ilikuwa kitanda namba tisa. Alilala pale msichana muuza mboga aitwaye Mwamvita, aliyejifungua siku mbili kabla. Mtoto wake aliishi muda wa saa moja, akafa. Wakubwa wote walimkwepa, wakisema ana nuksi. Lakini sheria, Bi Manyenga alisoma kwa kidole, inasema aliyejifungua. Haisemi kitu juu ya mtoto. "Una bahati, Katibu," akamwambia. "Huyu hana hata wa kumshughulisha."

Shebughe alifika kitandani fomu ikiwa mkononi. Mwamvita alikuwa ameegemea ukuta. Maziwa yalikuwa yamemjaa, amejifunga kifua kwa kanga ili yakauke, na kanga imelowa. Fundi aliyezoea kupima watu vifua kwa futi yake alikosa pa kuyaweka macho. Alianza kueleza vifungu, akakwama, akaanza upya. Mwamvita alimsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia.

"Nikitia sahihi, atakuwa wangu?" akauliza.

"Kwa karatasi tu, mama."

"Basi nipe hiyo karatasi. Wangu hakupewa hata karatasi."

Akatia sahihi. Sehemu ya chini ya fomu ilikuwa ya Shebughe: alitakiwa athibitishe kwamba mtoto aitwaye Mwantumu hana udugu naye wa aina yoyote, na kwamba akija kudai vinginevyo asisikilizwe. Aliisoma mara mbili, kwa kuwa yeye ni mtu wa kusoma. Kisha akasaini, nakala tatu.

Kilichobaki ni siku ya ukaguzi. Ilijulikana kwamba kabla ya mtihani Afisa atawahoji watoto mmoja mmoja, awanase waliobandikwa wazazi wa uongo, na anayenaswa anapanda lori palepale. Shebughe akaamua kumwandaa binti yake. Kila alasiri, Mwantumu akitoka shule, alimsimamisha mbele ya cherehani na kumuuliza: mimi ni nani? Siku ya kwanza mtoto alicheka, akasema baba. Shebughe akachukua rula ya kukatia vitambaa, akampiga kiganjani. Hajawahi kumpiga tangu azaliwe. Mwantumu hakulia; aliutazama mkono wake, akamtazama baba yake, kama anayedhani amefananishwa na mtu mwingine. Shebughe alitoka nje akanawa uso, akarudi, akauliza tena.

Siku ya tatu jibu lilikuwa limenyooka: simjui. Lakini fundi mzuri haachi vazi bila kulivuta mishono. Akaanza kumjaribu kwa hila. Akamwita kwa sauti ya kumbembeleza, binti akakataa kuitika. Akajifanya anapita njia, binti akampa shikamoo ya mbali. Akajiliza machozi, na hayo hayakuwa shida kuyapata.

"Hata nikilia?" alimuuliza.

"Simjui."

"Hata nikiapa kwa kaburi la mama yako kwamba mimi ni baba yako?"

"Simjui."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mtego, na nikikosea tutaachana."

Akamkumbatia hapo, akamsuka nywele, mistari yake ileile. Mwisho wa wiki Mwantumu alihamia chumbani kwa Mwamvita, mtaa wa pili, ili mambo yalingane na karatasi. Mwamvita alimpikia uji, akamnunulia utepe, akamwita mwanangu, kwanza kwa ajili ya majirani wasikie, kisha hata wasipokuwepo majirani. Shebughe alipita mbele ya chumba hicho kila jioni akielekea kusikojulikana. Binti akimwona, hageuki. Alikuwa mtoto mwerevu sana.

Huku nyuma, huko mji mkuu, lilitokea balaa. Lori lilimpakia mjukuu wa Spika. Yule aliyekuwa akimsimamia alikuwa ametimiza siku arobaini siku ya Jumapili, na ofisi zilikuwa zimefungwa. Mtoto alipasua kokoto asubuhi nzima kabla hajatambuliwa. Bunge likaitwa kwa dharura. Wabunge waliolia ni wengi. Ndani ya robo saa sheria ikarekebishwa: mzazi ni baba au mama aliyemzaa mtoto. Na ili walaghai wasipenye, mtoto mwenyewe atamtambua mzazi wake kwa kinywa chake mbele ya Afisa. Ataulizwa mara moja tu, kwa kuwa Wizara inaamini mtoto hasemi uongo. Waliokwisha kwenda kambini watabaki huko, maana sheria hairudi nyuma. Wabunge wakapiga makofi.

Marekebisho hayo yalifika Shule ya Msingi Tunashukuru asubuhi ileile ya ukaguzi. Watoto walikuwa wamefungiwa madarasani wasipewe majibu. Lori limeegeshwa chini ya bendera. Bi Manyenga akawasomea watu uwanjani, taratibu, kwa ile sauti yake tamu, na alipofika kwenye baba au mama, watu walishangilia mpaka kunguru wakaruka paani. Shebughe alikaa chini, kwenye vumbi, na koti lake. Alicheka. Alimshika miguu mtu aliyekuwa karibu naye. Akawa baba tena, mchana kweupe, kwa mujibu wa sheria.

Kisha akakumbuka, akanyanyuka.

Alimwendea Bi Manyenga akaomba amwone binti yake kwanza, neno moja tu, hata kupitia dirishani. Bi Manyenga alimshika mkono. "Kumfundisha mtoto jibu ni kosa, Katibu. Wewe unapenda mambo yafafanuliwe. Hilo nalo limefafanuliwa." Akageukia daftari, akamkata Mwamvita, ambaye sasa hakuwa mzazi wa mtu yeyote. Askari akamtoa Mwamvita nje ya uzio. Alisimama huko akiwa na mkoba wa Mwantumu begani.

Waliitwa watoto mmoja mmoja, wakaonyesha baba zao, wakaonyesha mama zao, wakakimbilia. Hata wale waliokwisha sahau walikumbuka. Lilipoitwa jina la Mwantumu, alitoka mlangoni ametulia, soksi zimevutwa, utepe kichwani. Alitafuta kwa macho pale Mwamvita alipopaswa kuwa, hakumwona. Akasimama mbele ya meza.

Bi Manyenga alimwonyesha Shebughe kwa kalamu. "Mwanangu, unamjua mtu huyu?"

Shebughe hakungoja. Alipiga magoti, kosa au si kosa, akamwambia kwamba yeye ni baba yake, kwamba sheria imebadilika, kwamba sasa ni kweli, aseme. Askari walimshika mabega. Akalia kwa sauti mbele ya shule nzima, kamasi zikamtoka. Akaapa kwa kaburi la mama yake.

Mwantumu alimtazama mpaka mwisho. Kidevu kilimcheza kidogo, akakituliza.

"Simjui," akasema.

Bi Manyenga alisikitika, ilionekana wazi. Alimwomba Katibu aandike jibu kwenye daftari, na Katibu alipokuwa hawezi kushika kalamu, akaliandika mwenyewe, akaomba radhi kwa mwandiko.

Wakampandisha lorini. Alikaa ubavuni, kati ya wawili ambao nao hakuna aliyewadai. Shebughe alikuwa bado chini, ameshikwa, anapiga kelele za jina lake. Lori lilipoanza kuondoka Mwantumu aligeuka akamtafuta juu ya vichwa vya watu, akamwona, na kwa kuwa Afisa alikuwa amewapa mgongo, akamtikisia kichwa kidogo tu, amjulishe kwamba hajasahau hata neno moja.